Bathsheba wa Chini ya Ngazi

Ukitaka kumpata Bathsheba Auma katika Chuo Kikuu cha Gwassi, kampasi ya Suna, hukuwa na haja ya kuuliza ofisini. Ulipita mlango mkubwa wa jengo la mihadhara, ukaziacha ngazi ziende zake juu, ukainama kidogo, na hapo chini ya ngazi ukakuta mlango mfupi wa mbao wenye rangi ya kijani. Zamani humo viliwekwa viti vilivyovunjika. Ukibisha, sauti ya ndani ilikuambia uvue viatu kwanza, tena useme polepole, kwa sababu Uuguzi amelala.

Uuguzi alikuwa mtoto wa miezi saba. Mama yake alisomea uuguzi, na Bathsheba hakuwa na kichwa cha kushika majina ambayo vijana wa siku hizi huwapa watoto wao, kwa hiyo aliwaita kwa masomo ya mama zao. Walikuwapo Biashara, Takwimu, Ualimu Mkubwa na Ualimu Mdogo. Mama akitoka darasani, Bathsheba alimpa ripoti mlangoni: "Biashara amekula uji wote. Lakini mwambie mwenzako, huyu Takwimu wake leo hataki kuhesabiwa kati ya watu."

Bathsheba mwenyewe sasa amelala usingizi ambao hodi haiuamshi. Alilala mwezi wa Machi mwaka huu, akiwa na miaka hamsini na minane, baada ya kuugua wiki tatu, na anangoja asubuhi ya ufufuo katika boma la mwanawe huko Kosele. Simu yake iko kwa ndugu zake. Hadi leo inalia, na upande wa pili ni sauti ya msichana: "Mama, nimejifungua salama. Nataka kurudi chuo mwezi ujao. Nafasi iko?" Anayepokea humjibu kwamba nafasi iko.

Hakuwa mhadhiri. Alikuwa msafishaji. Kwa miaka kumi na tisa alifagia na kupiga deki kumbi za chuo hicho, na siku aliyoajiriwa aliweka sharti moja tu: Jumamosi hatashika ufagio, maana ni Sabato ya Bwana. Walimkubalia, naye hakuwahi kuvunja, wala wao hawakuwahi kumwomba avunje.

Habari ya watoto ilianza asubuhi moja alipokuwa akisafisha vyoo vya wanawake. Alimkuta msichana amekaa juu ya ndoo iliyogeuzwa, mtoto kifuani, daftari sakafuni, machozi yanamdondoka juu ya utosi wa mtoto. Mhadhara wake ulikuwa umeanza dakika ishirini zilizopita, na kijana wa mbele alikuwa amemwambia atoke na kelele zake. Bathsheba alinawa mikono hadi viwikoni, akaikausha kwa leso yake, akanyoosha mikono.

"Nipe huyo. Wewe nenda usome."

"Mama, na kazi yako?"

"Choo hakitakimbia."

Msichana alikwenda. Kesho yake alirudi na mwenzake. Kufika muhula uliofuata walikuwa watano, na viti vilivyovunjika vilikuwa vimehamishiwa nyuma ya jengo bila mtu kupewa barua yoyote. Palitandikwa mkeka, pakawekwa beseni na chupa mbili za chai zenye maji ya moto. Utaratibu ulikuwa mwepesi. Bathsheba aliamka mapema, akamaliza kufagia kabla ya saa mbili, kisha akafungua chumba. Mama yeyote ambaye hana darasa saa hiyo alikaa na watoto wa wenzake. Hakuna aliyelipa shilingi. Aliyekwepa zamu yake alikuta mtoto wake amefungwa tayari kwenye shuka, begi juu, na Bathsheba amesimama mlangoni anatabasamu kwa namna ambayo hungependa kuiona mara mbili.

Watu walimuuliza kwa nini anajitesa na watoto wa watu. Aliwajibu kwamba mgongo wake umezoea uzito. Ukweli wenyewe aliusema mara chache. Alipokuwa msichana Kosele alifaulu kidato cha nne, akaitwa chuo cha ualimu. Barua ilipofika, tumbo lilikuwa limeshaonekana. Baba yake, mzee Nicanor, hakumpiga wala hakumtukana. Alikunja barua, akaiweka mfuko wa shati, akasema sasa kijana, ndugu yake Bathsheba, ndiye atakayekwenda, ingawa kijana alikuwa na alama za chini. Yule baba wa mtoto naye alikuwa chuoni wakati huo huo, akaendelea kusoma, akahitimu, akawa mwalimu mkuu mahali fulani upande wa Ndhiwa. Hakuna aliyemwambia akae nyumbani kwanza amlee mtoto. Bathsheba hakuwa na kinyongo, au kama alikuwa nacho alishamkabidhi Mungu. Lakini jambo hilo alilielewa vizuri kabisa. Mimba ilikuwa ya watu wawili, na mlango ulifungiwa mtu mmoja.

Miaka miwili iliyopita alikuja Nyaboke.

Nyaboke alikuwa msichana wa Kisii aliyeolewa Magunga, kwa kijana fundi wa pikipiki aitwaye Chrispine. Alisomea sayansi ya uvuvi. Darasani walikuwa watu thelathini na mmoja, wasichana wanne. Huko kwao milimani samaki alimjua wa kukaangwa tu, na wenzake walimtania kwamba anadhani ngege, yule samaki wa ziwani, huota kama mahindi. Hata hivyo yeye ndiye aliyeongoza darasa mwaka wa pili na wa tatu. Mwaka wa nne alikuja na mtoto wa kiume mgongoni, na Bathsheba akamwandika mara moja kichwani mwake kwa jina la Uvuvi.

Uvuvi alikuwa mtoto mwenye msimamo. Hakutaka chupa, hakutaka kikombe, hakutaka kijiko. Alitaka mama yake, na kama mama yake hayupo, alitaka dunia nzima ijue.

Muhula wa kwanza mtoto aliugua kifua, akalazwa, na Nyaboke akakosa mtihani mmoja. Chuo kilimruhusu aufanye pamoja na ya mwisho, mwezi wa Aprili, lakini kwa onyo la maandishi: akikosa mwingine wowote, atarudia mwaka. Na kule Magunga neno lilikuwa limeshatolewa. Mama mkwe alikuwa amesema mbele ya watu kwamba mke wa mtu hawezi kuwa mwanafunzi wa milele. Akirudia mwaka, asirudi chuo tena, akae alee. Chrispine hakuongeza neno, hakupinga pia. Kwa hiyo Nyaboke aliingia mitihani hiyo akijua kwamba karatasi saba ndizo zinazosimama kati yake na jembe la mama mkwe.

Basi wiki mbili kabla ya mitihani likatoka tangazo. Lilitiwa sahihi na mkuu wa kitivo, Daktari Celestine Awino. Muhula uliopita mtahiniwa mmoja alikutwa na majibu yaliyokunjwa ndani ya shuka la mtoto. Kwa hiyo katika wiki tatu za mitihani hakuna mtoto atakayeingia geti la chuo, na chumba cha chini ya ngazi kifungwe.

Bathsheba alilisoma tangazo mara mbili pale ukutani, akitumia kidole. Hakulalamika. Alikwenda kwa karani akaomba likizo yake ya mwaka, siku zote ishirini na moja, akazitumia zote kukaa na watoto saba katika nyumba yake ya kupanga, nyuma ya soko la Suna. Wiki mbili zikapita salama. Kila ilipokaribia saa nne na nusu Uvuvi alilia hadi majirani wakajua ratiba ya mitihani, lakini mitihani ya mama yake ilikuwa mifupi, ya saa moja na nusu, na alirudi mbio kabla mtoto hajakauka sauti.

Jumatano ya wiki ya mwisho upepo na mvua viliezua mabati ya ukumbi mkubwa. Mitihani ya Alhamisi ikasogezwa Jumamosi.

Nyaboke alikuja Alhamisi hiyo saa nane mchana, hajakaa hata kwenye kiti.

"Mama, karatasi yangu ya mwisho sasa ni Jumamosi. Saa tatu hadi saa sita. Ni ya saa tatu nzima."

Bathsheba alikuwa akimkanda Takwimu tumbo. Mkono ulisimama.

"Jumamosi ni Sabato."

"Najua, Mama."

"Kazi yangu nafanya siku sita, nyathina, mwanangu. Ya saba si yangu. Tafuta mtu mwingine."

"Nani? Wenzangu wote wana mtihani siku hiyo. Phelesia wa jikoni ako Homa Bay kwa msiba. Nikimpeleka Magunga kwa mama mkwe, ataniambia huyu mtoto amechoka kuzungushwa, na sitampata tena kabla ya Jumatatu."

"Nimesema tafuta."

Nyaboke alimchukua mtoto wake, akamfunga mgongoni, akaondoka bila kuaga. Kwa mtu aliyelelewa Kisii hilo lilikuwa neno zito kuliko matusi.

Bathsheba alikuwa na uhakika kwamba amefanya sawa. Wasabato wa Suna wangemwelewa wote, maana hapo ndipo mtu wa imani hiyo hujikwaa bila kujua: huogopa kuivunja siku hadi akasahau siku yenyewe iliwekwa kwa ajili ya nani. Ijumaa alifanya maandalio kama kawaida. Alipika wali na maharagwe ya siku mbili, akapiga pasi gauni jeupe, akapaka viatu rangi, akateka maji. Saa kumi na moja jioni, jua bado liko juu ya mabati ya soko, aliketi kupanga somo lake la kesho. Kwa miaka ishirini na miwili Bathsheba alikuwa mwalimu wa Shule ya Sabato, darasa la watoto wachanga. Kila Sabato, kuanzia saa tatu kasorobo, aliketi kwenye kiti kifupi katikati ya watoto wasiojua kusema, akawaimbia, akawafuta kamasi, akawabadilisha nepi, akawapa uji. Kanisa liliita jambo hilo ibada.

Alikuwa ameshika picha ya kadibodi ya mwana-kondoo. Aliitazama kwa muda mrefu. Kisha akakumbuka yale Mwokozi aliyowauliza watu wa dini kuhusu kumtoa ng'ombe aliyetumbukia kisimani siku ya Sabato, na kwamba hakuna hata mmoja aliyepata la kujibu. Aliona aibu, aibu ya kweli, ile inayopasha masikio moto. Alipiga magoti kidogo tu, maana jua lilikuwa linashuka na salio la simu lilikuwa dogo, kisha akampigia Nyaboke.

"Nisamehe kwa maneno ya jana."

Kwa nyuma Uvuvi alikuwa akisema yake.

"Waleteni wote saba. Saa mbili na nusu. Si hapa kwangu. Waleteni kanisani."

"Kanisani, Mama? Mama yake Biashara ni Mkatoliki. Wa Ualimu Mdogo ni wa kanisa la Roho."

"Mtoto wa miezi sita ana dhehebu gani? Anaamini titi. Waleteni."

Kanisa hilo la Wasabato liko ng'ambo ya barabara, likitazamana na geti la chuo. Saa mbili na nusu asubuhi akina mama saba walipanga mstari mlangoni na mabegi, chupa na nepi, mmoja wao na kitambaa cheupe chenye msalaba mwekundu kichwani. Mzee Bogonko, mzee wa kanisa, alisimama kwenye ngazi na kitabu chake cha nyimbo kifuani. Alikuwa mtu mwema, ila alipenda mambo yawe kama yalivyokuwa wiki iliyopita.

"Dada Bathsheba, hawa ni watoto wa nani?"

"Ni wageni wa Shule ya Sabato, Mzee."

"Naona mama zao wanageuka kwenda."

"Wanakwenda kwenye mtihani. Wageni wenyewe wanabaki."

"Dada, hapa ni nyumba ya Bwana. Si kituo cha kulelea watoto."

"Kila Sabato unasimama mbele unatuambia tulete wageni. Leo nimeleta saba. Utawaandika kwenye kitabu wewe, au niwaandike mimi?"

Mzee Bogonko alitazama mstari, akatazama Ualimu Mkubwa, ambaye wakati huo alikuwa ameshika tai ya mzee na hataki kuiachia.

"Waandike wewe," alisema. "Mimi mwandiko wangu si mzuri."

Akina mama wa Dorkasi, kile chama cha wanawake cha kanisa, waliingia kusaidia kabla hata hawajaombwa. Mmoja alibeba, mwingine akapasha uji. Na katibu aliposimama kusoma ripoti ya asubuhi, alisoma bila kucheka kwamba kanisa limetembelewa na wageni saba, wote chini ya mwaka mmoja, na wote wameleta salamu, ambazo mnazisikia. Kanisa zima lilizisikia. Hasa za Uvuvi.

Maana saa ilikuwa imefika nne na nusu. Walimjaribu kwa kikombe, akakipiga teke. Walimjaribu kwa kijiko, akafunga midomo kama mtu aliyekula kiapo. Mama wa Dorkasi aliyekuwa ananyonyesha wake alimpa titi, akaligeuzia shavu. Alilia hadi akaanza kutapika maji matupu. Mtihani ulikuwa umebakiza saa moja na nusu, na mtoto alikuwa na historia ya kifua. Bathsheba alimweka begani, akatoka, akavuka barabara na gauni lake jeupe.

Getini alikuwa Maroa, mlinzi, Mkuria mrefu ambaye alimtania Bathsheba kila siku kwa miaka kumi.

"Mama, leo Sabato umepata mtoto tena? Hongera. Lakini huyo hapiti."

"Sijakuambia tunapita. Nipe kiti na umwite mkubwa."

"Mkubwa yuko ukumbini anasimamia. Nikimwita kwa sababu ya mtoto, Jumatatu nitalinda ng'ombe kwetu Kehancha."

"Basi tutangoja hapa. Sikiliza vizuri hii sauti, Maroa. Unadhani mama yake haisikii?"

Maroa alisikiliza. Ukumbi mdogo, ulikohamishiwa mtihani, ulikuwa hatua sitini tu kutoka getini, madirisha wazi kwa sababu ya joto. Huko ndani Nyaboke alikuwa ameacha kuandika. Alijua sauti hiyo kati ya sauti zote duniani. Maziwa yalikuwa yamelowanisha blauzi yake hadi kiunoni, na swali la tatu lilikuwa limekaa mbele yake kama ukuta. Kusimama na kuondoka ni kukosa mtihani. Kubaki, mkono haushiki kalamu.

Daktari Celestine alitoka mwenyewe, saa mkononi, uso umekaza.

"Mama Bathsheba, unajua amri yangu."

"Naijua, Daktari. Ndiyo maana nimesimama nje. Amri ilisema asiingie, na hajaingia."

"Anavuruga ukumbi mzima."

"Ni njaa. Nataka mama yake kwa dakika kumi tu."

"Mtihani unaendelea. Nikimtoa huyu, kesho kila mtu atakuwa na sababu."

"Tangu nifike hapa nimeona vijana wawili wakisindikizwa kwenda msalani," alisema Bathsheba. "Wa pili alisimama njiani akafunga kamba za viatu, akajinyoosha, akatazama ndege. Hakuna aliyesema amevuruga. Kama wao wanasindikizwa, huyu naye asindikizwe. Na kama unaogopa karatasi, mfungue mtoto mwenyewe."

Alimnyanyua Uvuvi juu ya geti. Daktari alisita, kisha akampokea. Akakung'uta shuka, akapekua kofia, akapekua ile soksi moja iliyobaki. Hapakuwa na kitu ila mtoto. Aliendelea kumshika ingawa upekuzi ulikuwa umekwisha.

"Mimi nilizaa nikisomea shahada ya pili," alisema kwa sauti ya chini, hakuna aliyekuwa amemuuliza. "Nilikuwa nakamua maziwa kwenye sinki la choo, nayamwaga, narudi darasani. Hakuna aliyenisimamishia chochote. Na nilimaliza."

"Pole, Daktari. Pole sana." Bathsheba alimtazama machoni. "Na huyu naye ungependa ayamwage?"

Maroa alitazama pembeni, kwenye mti ambao haukuwa na chochote cha kutazamwa. Daktari Celestine alimfunga Uvuvi shuka lake. Kisha akamrudisha mtoto, akasema, "Maroa, toa kiti chako nje," akageuka, akaenda ukumbini kwa hatua za mtu anayechelewa.

Alirudi na Nyaboke. Alikuwa amemchukulia kalamu na kumwambia asiseme neno na mtu yeyote, hata salamu. Nyaboke aliketi kwenye kiti cha mlinzi na kumpokea mtoto, na sauti iliyokuwa ikitetemesha Suna ikakatika kama redio iliyozimwa. Mkuu wa kitivo alisimama mbele yao kuwakinga na macho ya barabarani, mgongo kwao, saa mkononi. Bathsheba alifumba macho akaomba bila sauti, si kwa ajili ya mtihani, bali kwa ajili ya mwanamke yule aliyesimama na mgongo wake umenyooka na miaka yote hiyo ya maziwa aliyoyamwaga.

Dakika kumi na moja. Nyaboke alimrudisha mtoto amelala, akafunga vifungo, akanyoosha mkono apewe kalamu yake.

"Dakika hizo sitakurudishia," Daktari alisema. "Sheria haina nafasi hiyo."

Nyaboke aliinamisha kichwa kwa heshima, maana alikuwa ameambiwa asiseme, akarudi ukumbini karibu na kukimbia.

Saa sita na robo aliingia kanisani, mahubiri yakiwa katikati, akaketi benchi la nyuma kando ya Bathsheba. Blauzi ilikuwa imekauka na kuacha alama.

"Nimejibu yote," alinong'ona. "La mwisho nimeandika nikikimbia."

"Liliuliza nini?"

"Samaki hao wawili, mbuta na ngege. Nani anamla nani."

"Na Mkisii akajibu?"

"Mama, nimeandika kurasa nne."

Bathsheba alifunika mdomo kwa kitabu cha nyimbo, na Mzee Bogonko akageuka kutoka benchi la mbele kuangalia ni nani anayecheka katika mahubiri ya hukumu.

Jumatatu Daktari Celestine alimwita ofisini. Bathsheba alikwenda na aproni yake ya kazi, akidhani anafukuzwa, na alikuwa ameshapanga atakachosema. Daktari alimsogezea karatasi tupu.

"Andika unachotaka. Nitakipeleka kwenye baraza la chuo kwa jina langu."

Hakutegemea msafishaji aandike pale pale. Bathsheba alivuta kiti, akaandika ukurasa mmoja kwa mwandiko ule safi aliofundishwa miaka ya themanini, wa msichana aliyeitwa chuo cha ualimu. Chumba kibaki, na kitobolewe dirisha. Mtahiniwa anayenyonyesha asindikizwe nje kama wengine wanavyosindikizwa, na dakika zake arudishiwe. Msichana aliyejifungua aandikiwe barua ya kurudi kabla hajaondoka, ili akifika nyumbani awe nayo mkononi. Daktari alisoma, akarekebisha neno moja, akarudi akalifuta sahihisho lake.

Baraza lilichukua miezi mitano kukubali, na hoja ya dakika ilipita kwa tofauti ya kura mbili tu. Lakini ilipita. Wa kwanza kunufaika hawakumjua Nyaboke, na wengine sasa hawatamjua Bathsheba. Ndugu zake wanajifunza kulikubali hilo, kidogo kidogo, kwa msaada wa Mungu.

Nyaboke alihitimu mwezi wa Desemba mwaka huo huo, wa kwanza katika darasa lake. Sherehe ilikuwa siku ya Ijumaa, na Bathsheba alikaa hema la wageni kama mzazi, kofia ya kanisa kichwani. Chrispine alikuja na suti iliyombana mabega. Na mama mkwe alikuja kutoka Magunga, mama mnene mwenye sauti ya sokoni, Uvuvi amemkalia kiunoni. Nyaboke aliposomwa jina, yule mama alipiga kigelegele kirefu hadi msomaji akangoja. Kisha akamgeukia Bathsheba, akamtazama toka kofia hadi viatu.

"Ndiyo wewe uliyemzuia huyu asirudi nyumbani."

"Ndiyo mimi."

Mama mkwe alimhamisha mtoto kiuno cha pili. Jukwaani walikuwa wamefika kwa wanaume wa uhandisi, mstari mrefu.

"Niko na msichana wangu wa mwisho, yuko kidato cha tatu," alisema. "Ana kichwa. Baba yake alikuwa anasema tumtoe, tumsomeshe kijana. Huku kwenu mnachukua lini?"

"Mlete akimaliza cha nne," Bathsheba alimwambia. "Aje na cheti chake. Na baba yake mwambie asikunje barua ikifika. Aisome kwa sauti."

"Hiyo nitamsomea mimi," alisema yule mama, akanyoosha shingo kumtafuta mkwe wake kati ya majoho.